Sekunde 31

Kila tarehe 12 Desemba, Rais akiwa anahutubia taifa na redio zote za mtaa zikiongea kwa sauti moja, Kocha alikuwa akivaa bukta yake ya bluu iliyofifia, anatoka kwa ile nyumba ya kanjo aliyopanga Jericho kabla wengi wetu hatujazaliwa, anatembea polepole hadi kiwanjani, na anakimbia mita 100. Mara moja tu. Halafu anarudi nyumbani kunywa chai.

Hakujua siku aliyozaliwa. Kitambulisho kilisema 1951, mama yake alisema ilikuwa msimu wa kupalilia mahindi, basi akajichagulia Jamhuri Dei. "Mimi na nchi tunazeeka pamoja," alikuwa anatuambia, "lakini mimi nina nidhamu."

Muda wake aliuandika ndani ya mlango wa kabati la nguo, kwa kalamu nene ya wino mweusi, mwaka kwa mwaka. Juu kabisa: 1983, 10.9. Ukishuka kidogo: 1990, 11.5. Ukiinama: 2000, 13.1. Ukipiga goti: 2010, 15.8. Nilipouona mlango huo mara ya kwanza nilikuwa na miaka 12 na nilifikiri ni orodha ya madeni. Nilikuwa nimetumwa kwake kuchukua mpira. Nikamuuliza nani anamdai. Akacheka hadi mke wake akatoka jikoni kuona kuna nini.

Mimi sikuwa mkimbiaji wa maana, niseme hilo mapema. Muda wangu mzuri kabisa ulikuwa 11.3, kidato cha nne, na ulipimwa kwa mkono na mtu aliyenipenda. Lakini miaka sita nilishinda kwenye kile kiwanja cha vumbi jioni na Jumamosi, pamoja na watoto wengine wa Jericho, Maringo na Ofafa, kwa sababu ilikuwa hivyo ama ukae kwa ngazi uangalie matatu za 58 zikipita Jogoo Road.

Mistari ya kiwanja ilichorwa kwa jivu la jiko la mama wa chapati. Bloki za kuanzia zilikuwa mbili, zilizochomelewa na fundi wa jua kali, na moja ilikuwa imepinda kidogo, kwa hivyo aliyeitumia alianza akielekea Makadara. Viatu vya spaiki vilikuwa jozi tatu kutoka Gikomba, saizi zisizofanana, na tulivaa kwa zamu. Kijiti cha mbio za kupokezana kilikatwa kutoka mpini wa fagio la mke wake. Alikasirika wiki nzima. Kisha Jumamosi moja akaja mwenyewe kuangalia kijiti chake kikikimbia.

Kocha alikuwa anaamini mbio fupi zinakimbiwa na mikono. Miguu inafuata tu. Angekushika viwiko kutoka nyuma aviendeshe kama mtu anayepiga pampu ya maji, akisema, "Mfuko, shavu. Mfuko, shavu." Mkono ukirudi nyuma ugonge mfuko wa suruali, ukija mbele ufike usawa wa shavu. Hadi leo nikikimbilia basi stejini najikuta nasema hayo maneno mdomoni.

Na alikuwa anapenda kufundisha tofauti ya kupokea kijiti. Kwenye mita 100 mara nne, hutazami nyuma. Unanyoosha mkono na unaamini. Kwenye mita 400 mara nne, lazima ugeuke umwangalie anayekuja, kwa sababu huyo amechoka, miguu yake inaongopa, na wewe ambaye uko na nguvu ndiye unapaswa kupima kasi yake, sio yeye yako. "Aliyechoka hana kazi ya kukutafuta," alisema. "Wewe ndiye umtafute."

Hapo ndipo stori ya Munich ilikuwa inaingia. Kila wakati. Tuliijua kama sala ya chakula: 1972, mbio za kupokezana za mita 400 mara nne, Charles Asati anaanza, anampa Hezekiah Nyamau, Nyamau anampa Robert Ouko, Ouko anampa Julius Sang, na Sang anamaliza. Dakika 2 na sekunde 59.8. Dhahabu. Uingereza ya pili, Ufaransa ya tatu. Wamarekani hawakukimbia. Vince Matthews na Wayne Collett walikuwa wamefungiwa baada ya kusimama kwenye jukwaa la medali bila heshima iliyotakiwa kwa wimbo wa taifa lao, na John Smith alikuwa ameumia. Mtoto mmoja mjuaji aliwahi kusema, "Kocha, si basi tulishinda kwa bahati?" Kocha akamjibu kwamba mwaka 1968 kule Mexico, Wamarekani wakiwepo wote na wakivunja rekodi ya dunia, Wakenya walimaliza wa pili. Asati na Nyamau walikuwepo, pamoja na Naftali Bon na Daniel Rudisha, baba ya yule David wa mita 800. "Bahati haingoji miaka minne na kikosi kilekile," akasema.

Dhahabu hiyo ya 1972 ndiyo pekee ambayo Kenya imewahi kupata kwenye Olimpiki katika mbio zisizozidi mita 400 kwa mtu mmoja. Sisi ni nchi ya umbali. Hata aliyetufungulia mlango tumemsahau: Seraphino Antao wa Mombasa, aliyeshinda yadi 100 na yadi 220 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola kule Perth, 1962, kabla hatujapata uhuru. Mkenya wa kwanza kuleta dhahabu kutoka michezo mikubwa ya kimataifa alikuwa mtu wa mbio fupi, kutoka pwani, mwenye asili ya Goa. Mwaka 1964 alibeba bendera yetu mpya Tokyo. Alifia London, 2011. Siku hiyo Kocha alitupangia mazoezi ya kuanza pekee, bila kumaliza. Unatoka kwenye bloki, hatua kumi, unarudi. Hakueleza. Nilikuja kuelewa jina hilo miaka mingi baadaye, nikitafuta kitu kingine kwenye simu.

Kuhusu mbio zake mwenyewe, Kocha alisema machache. Alikuwa akikimbilia timu ya idara moja ya serikali, enzi zile ambapo ajira na mbio vilikuwa kitu kimoja. Mwaka 1976 alikuwa na miaka 25, umri ambao mkimbiaji wa mbio fupi anafaa kuwa moto. Kenya ikasusia Olimpiki ya Montreal, pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 tukasusia tena, Moscow, safari hii pamoja na Marekani, kwa sababu ya Afghanistan. Los Angeles ilipofika 1984, yeye alikuwa na miaka 33.

Hakuwahi kusema kwamba angeenda. Hilo naliheshimu sana sasa, kwa sababu mtaani kila mzee "angeenda." Alisema tu kwamba hakuna aliyeenda. Alimtaja Mike Boit, aliyepata shaba Munich na kisha akakosa michezo yote miwili akiwa kwenye ubora wake. Alimtaja Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978 na hakukimbia Olimpiki hata moja hadi alipofariki Februari 2024. "Msimamo ulikuwa sawa," Kocha alisema kuhusu Montreal. "Mandela alikuwa ndani. Lakini msimamo ulilipwa na miguu ya watu."

Nafikiri ndiyo maana orodha ya mlango inaanza 1983. Alikuwa na 32. Mtu aliyekosa mashindano mawili kwa sababu ambazo hakuzichagua aliamua kushindana na kitu ambacho hakiwezi kususia.

*

Kuanzia 2017 mimi ndiye nilikuwa nashika stopwochi. Ilikuwa ya plastiki, nyeusi, kamba ya kijani. Wakati huo nilikuwa chuo, au ndivyo alivyojua.

Nilijiunga na chuo 2016. Mtaa ulifanya harambee ndogo kwa ukumbi, na Kocha alitoa elfu mbili. Najua ilikuwa pesa ya kodi kwa sababu mwezi huo karatasi ya kanjo ilibandikwa mlangoni kwake. Mwaka 2018 nikaacha. Karo ilikuwa imerundikana, sikuruhusiwa kufanya mtihani, na ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa nimechoka kabla hata karo haijaanza kunidai. Nikahamia keja Umoja na mabeste wawili, nikaanza kuandika kwa doo. Kazi ya kwanza ilikuwa kuandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao za chuo. Ndiyo, niliacha chuo nikawa namalizia watu wengine vyuo. Cheka tu, mimi pia hucheka.

Mathe nilimwambia baada ya miezi minne. Alilia, akanyamaza, akaniuliza kama nakula vizuri. Kocha sikumwambia. Kila Jumapili nikipita kwake aliuliza, "Chuo kinaendaje, kijana?" Nami nasema, "Kiko poa, Kocha." Naye anasema, "Sawa." Mwaka ukaisha, wa pili ukaisha. Ukifanya hesabu, ningekuwa nimemaliza 2020. Nikasema korona imetuchelewesha. "Sawa," akasema.

Tarehe 18 Septemba 2021 nilikuwa kwake tukiangalia Kip Keino Classic kutoka Kasarani. Unakumbuka ulikuwa wapi siku hiyo. Ferdinand Omanyala, 9.77, rekodi ya Afrika, nyuma ya Trayvon Bromell kwa sekunde 0.01. Mtaa ulilipuka. Watu walitoka nje na sufuria. Mimi nilikuwa juu ya kiti. Kocha alikuwa amekaa, na alikuwa ananyooshea kidole mtu mwingine kwenye televisheni.

"Muone huyo wa tatu."

Wa tatu alikuwa Justin Gatlin, 10.03. Alikuwa na miaka 39.

"Kocha, Omanyala! Tisa sabini na saba!"

"Nimemwona. Ana 25, mwili unamfanyia kazi. Huyo wa tatu mwili unamkataa na bado anauambia twende."

Tulijua stori za Gatlin, adhabu zake za dawa, na Kocha hakuwa mtu wa kusamehe dawa. Lakini siku hiyo alikuwa anaangalia mguu tu, jinsi unavyotua chini ya mtu wa miaka 39.

Kuna jambo la kikatili kuhusu mbio fupi ambalo Kocha alinieleza jioni hiyo. Mwili una nyuzi za misuli za aina mbili kubwa: za kasi na za subira. Umri ukija unaanza na zile za kasi. Zinanyauka mapema. Ndiyo maana Eliud Kipchoge aliweza kushinda dhahabu ya marathoni mwezi Agosti mwaka huo akiwa na 36, na mwaka uliofuata akavunja rekodi ya dunia Berlin akiwa na 37, lakini Usain Bolt aliacha 2017 kabla hajafika 31. Mtu wa mbio ndefu anazeeka kama mti. Mtu wa mbio fupi anazeeka kama betri.

"Sasa wewe unakimbia ya nini?" nikamuuliza. Nilimaanisha swali kweli.

Akaniambia kuhusu mzee wa Japani, Hidekichi Miyazaki, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 42.22 mwaka 2015, akiwa na miaka 105. "Huyo alikuwa ananipa kazi ya miaka 35," akasema.

*

Jamhuri Dei ya 2021 iliangukia Jumapili. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba tangu Novemba. Mke wake alimkataza, kisha akamfulia bukta. Tulienda sisi wawili tu. Watoto walikuwa kanisani.

Nikasimama mwisho wa mstari wa jivu. Nikainua mkono, nikashusha. Akaanza.

Sitaki kuielezea sana. Mikono ilikuwa sawasawa: mfuko, shavu, mfuko, shavu. Mikono ilikuwa ya mwanamume wa 1976. Chini ya kiuno alikuwa mtu mwingine, mtu aliyebeba kitu kizito anachoogopa kumwaga. Katikati ya njia alisimama karibu kabisa, nikafikiri imekwisha, halafu akaendelea. Alipopita nilibonyeza. Stopwochi ilisema 31.2. Mwaka uliotangulia ulikuwa 22.9.

Alikuwa ameinama, ameshika magoti, anahema. "Ngapi?"

"Ishirini na sita nukta moja."

Hata sikufikiri. Ilitoka kama ile ya chuo ilivyokuwa inatoka. Nikafuta ile namba kabla hajainua kichwa.

"Sawa," akasema.

Tukarudi kunywa chai. Hakufungua kabati mbele yangu, nami nikashukuru.

Machi 2022 alilala na hakuamka. Matanga yalikuwa makubwa kuliko nilivyotarajia. Walikuja watu wazima wenye vitambi waliosema walikuwa na 11.0 enzi zao, na kila mmoja alionyesha mkono, mfuko, shavu, kama ishara ya siri. Usiku wa kumsafirisha ushago, sisi vijana tuliitwa kubeba vitu ambavyo familia ilitaka viende na basi. Kabati lilikuwa mojawapo. Mlango ulifunguka tukiligeuza.

2019, 21.7. 2020, 22.9. 2021, 31.

Hakuandika nukta. Hakuwa na stopwochi, kwa hivyo aliandika alichokijua, na hakuongeza asichokijua. Mtu ambaye ameshika saa miaka arobaini anayo nyingine ndani. Alikimbia akijihesabu, akanisikia nikimdanganya, akasema sawa, akaja nyumbani akaandika ukweli mahali pake.

Nilibaki nimeshika upande wangu wa kabati hadi jamaa wa upande wa pili akaniuliza kama nimechoka.

Nilichokuwa nafikiria ni zile "sawa" nyingine zote. Miaka mitatu ya Jumapili. Sijui kama alijua kuhusu chuo. Hakuna mlango niliouona ulioandikwa hilo. Ila nimeacha kujidanganya kwamba nilikuwa namficha. Nafikiri alikuwa anauliza jinsi anayepokea kijiti cha 400 anavyogeuka: kuangalia kama bado nakuja, na kwa kasi gani.

Nilimkuta mke wake jikoni, amezungukwa na akina mama. Nikamwambia, "Mama, mimi sikumaliza chuo. Niliacha 2018. Kocha alitoa elfu mbili."

Akaniangalia kwa muda. "Umekula?" akasema. "Kula kwanza. Basi linaondoka saa tano."

*

Nina miaka 27, mwaka huu natimiza 28. Hapa Umoja watoto wa ploti wananiita "buda" bila utani. Beste yangu mmoja ambaye alikuwa winga mkali anapanda ngazi kwa mguu mmoja. Mwingine anaendesha boda na mgongo wake unamwamsha saa tisa usiku. Hatujazeeka, najua, na wazee wakisikia wenzangu tukilalamika wanacheka. Lakini Eastlands mtu hutumia mwili wake kama mtaji, na mtaji unaanza kupungua kabla ya biashara kusimama.

Huwa namfikiria Nicholas Bett. Bingwa wa dunia wa mita 400 kuruka viunzi, Beijing, 2015. Alifariki Agosti 2018 kwa ajali ya barabara kule Nandi, akiwa ametoka tu mashindano ya Afrika nchini Nigeria. Alikuwa na miaka 28. Muda wake bora utabaki 47.79. Hatawahi kuandika ulio mbaya zaidi. Zamani ningeona hiyo ni aina fulani ya heshima, kubaki na namba yako nzuri. Sasa naona ule mlango wa Kocha, namba zikishuka kutoka 10.9 hadi 31, kuanzia kichwani hadi magotini, na naona ni utajiri ambao Bett alinyimwa. Miaka 39 ya kuwa mbaya zaidi kidogo, na kuwepo.

Desemba iliyopita, tarehe 12, nilipanda matatu nikashuka Jericho asubuhi. Kwa ile nyumba wanakaa watu wengine, wamepaka mlango rangi ya kijani. Kiwanja bado kipo. Nilipima mita 100 kwa hatua, nikampa simu yangu binamu yangu wa miaka 11 ashike saa. Sikuwa nimekimbia tangu shule. Kwenye mita 60 kitu nyuma ya paja la kushoto kilisema salamu, nikamalizia nikiwa nimekunja uso kama mtu anayenusa maziwa yaliyoharibika.

"Ngapi?"

Binamu yangu aliangalia simu, akaniangalia mimi. Nilikuwa nimekaa chini kwa vumbi. Niliona akifikiria. Niliijua ile sura, nilikuwa nayo mimi mwenyewe, mahali hapohapo.

"Sema ile iko kwa simu," nikamwambia.

"Kumi na nne nukta sita."

Nimeiandika nyuma ya mlango wa keja, juu kabisa. Kwa penseli, kwa sababu caretaker wetu hataki uchafu.